Ubora wa Huduma ya Afya ya Akili: Nani Amehesabiwa?

Shinikizo la damu hupimwa kwa mashine, na tarakimu zake husomwa papo hapo. Maradhi ya akili hayana mashine ya namna hiyo. Kwa hiyo muuguzi mtafiti anayetaka kujua ubora wa huduma katika wodi hulazimika kwanza kuamua ahesabu nini, na nani waingie katika hesabu hiyo.

Mwaka 1966, daktari Avedis Donabedian alieleza kwamba ubora hutazamwa katika mambo matatu: muundo, mchakato na matokeo. Muundo ni kama idadi ya wauguzi katika zamu na upatikanaji wa dawa. Mchakato ni yale anayotendewa mgonjwa, zikiwemo saa alizofungwa au kutengwa chumbani. Matokeo ni hali yake baada ya huduma. Kwa sonona, hojaji ya PHQ-9, ambayo ipo pia kwa Kiswahili, ina maswali 9 na alama kuanzia 0 hadi 27. Alama zikishuka, dalili zimepungua.

Kipimo kimoja cha mchakato kinachotumika Marekani ni kiwango cha wagonjwa walioonwa na mhudumu ndani ya siku 7, na ndani ya siku 30, tangu waruhusiwe kutoka hospitalini. Muda huo una sababu: majuma ya kwanza baada ya kuruhusiwa ndiyo yenye hatari kubwa ya mgonjwa kujiua.

Hata hivyo, kipimo kizuri huweza kupotosha. Chukulia wodi iliyoruhusu wagonjwa 40 kwa mwezi, na 20 kati yao wakaonwa ndani ya siku 7. Kiwango ni asilimia 50. Wodi hiyo ikihesabu wale 25 tu waliopewa kadi ya miadi, kiwango hupanda hadi asilimia 80. Hakuna aliyehudumiwa zaidi; wagonjwa 15 wameondolewa tu katika hesabu. Huenda hao ndio wasio na nauli, simu wala ndugu wa kuwasindikiza, yaani wale ambao kipimo kiliwekwa kwa ajili yao.

Kwa sababu hiyo, muuguzi makini hulinganisha rejista ya wodi na ya kliniki, jina kwa jina. Asiyeonekana hupigiwa simu au hutembelewa nyumbani. Hapo takwimu hugeuka kuwa orodha ya watu wa kutafutwa.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Kabla ya kuondoka wodini, yeye au ndugu yake aulize mambo matatu: tarehe ya kurudi, mhudumu atakayemwona, na namba ya simu ya kupiga akizidiwa. Mawazo ya kujidhuru yakimjia, asisubiri tarehe hiyo ifike. Amweleze mtu anayemwamini, nao waende mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu.