Soketi ya Pili ya Gari na Fyuzi Inayosahaulika

Magari mengi yanayobeba abiria kati ya mji wa Kisii na Tabaka, hasa Probox, yalianza maisha Japani. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka minane, kwa hiyo gari hufika Mombasa likiwa bado na vifaa vyake, ingawa baadhi havina kazi huku kwetu. Mtambo wa kuonyesha njia uliojengwa ndani ya dashibodi una ramani ya Japani kwa maandishi ya Kijapani. Redio nayo imeundwa kushika masafa ya FM ya huko, yanayoanzia megahezi 76 na, kwa redio nyingi za zamani, kuishia 90, ilhali vituo vyetu hutangaza kati ya 87.5 na 108. Dereva hununua kifaa kidogo cha kurushia muziki kwenye redio hiyo, na kazi ya kuonyesha njia huiachia simu. Vyote viwili vinataka umeme, na soketi ya kiberiti cha sigara ni moja tu. Ndipo fundi wa umeme wa magari anapoitwa kuongeza ya pili.

Haja hiyo ni ya kweli. Mtu anayetoka Tabaka na shehena ya vinyago vya mawe laini, akimtafuta mnunuzi katika mtaa wa Nairobi asioujua, anaitegemea simu kama anavyotegemea usukani. Ramani yaweza kupakuliwa mapema ikatumika bila intaneti, lakini chaji haina mbadala: kioo kinawaka saa zote, kipokezi kinasikiliza setilaiti zilizo kilomita zipatazo 20,200 juu yetu, na katika mabonde yenye mtandao hafifu simu hutumia nguvu zaidi kuufikia mnara. Basi soketi ya pili na iwekwe. Ninachopinga ni jinsi inavyowekwa mara nyingi: waya mwembamba wa spika unaungwa popote penye umeme, unafungwa kwa utepe mweusi, kisha dashibodi inarudishwa mahali pake. Soketi hiyo inastahili waya wake, wenye fyuzi yake, na fyuzi hiyo ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 20 hivi.

Anayepinga husema simu ni kitu kidogo, na hapo hakosei. Chaja ya wati 15 hunyonya ampea moja na kitu tu kutoka betri ya volti 12. Lakini fyuzi haiwekwi kwa ajili ya simu. Inaulinda waya, na hatari ya waya haipimwi kwa kile simu inachovuta, bali kwa kile betri inachoweza kusukuma. Chukua waya wa shaba wa mita tatu, unene wake nusu milimita ya mraba. Ganda lake la nje likisuguliwa na ukingo wa bati, kama inavyotokea gari likitikiswa kila siku kwenye barabara ya machimboni, shaba itagusa bodi na kupiga shoti. Ukinzani wa waya huo ni karibu sehemu moja ya kumi ya ohmu, kwa hiyo utapitisha umeme unaokaribia ampea 100. Hilo ni joto la wati 1,000 hivi, sawa na pasi ya umeme iliyowashwa nyuma ya dashibodi, katikati ya plastiki na sponji, mahali ambapo hakuna anayeiona. Fyuzi ya ampea 10 ingekatika mara moja. Na ikikaa mbali na betri haisaidii, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla yake hakina mlinzi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: waya wa redio tayari una fyuzi, basi tukiunga hapo tumelindwa. Kwa simu peke yake, na kwa waya mnene wa kutosha, nakubali kwamba njia hiyo inaweza kufaa. Tatizo ni kwamba fyuzi ile ilichaguliwa kulingana na waya wa kiwandani. Tawi jembamba likiunganishwa hapo laweza kuungua kabla fyuzi haijahisi lolote. Tena gari la abiria halibaki na nyongeza moja. Tangu kanuni za usalama barabarani za aliyekuwa waziri wa uchukuzi, Michuki, zianze kutekelezwa Februari 2004, matatu zimetakiwa kuwa na kidhibiti mwendo, na baada yake hufuata taa, spika na vifaa vya kufuatilia gari. Siku moja mtu atachomeka pampu ya kujazia magurudumu upepo, inayovuta ampea 10 au zaidi, na fyuzi ya redio itakatika. Fyuzi imefanya kazi yake, lakini dereva aliye safarini ataona imemkwamisha. Atatoa ile ya bluu ya ampea 15 na kuweka ya kijani ya 30, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na kuanzia hapo nyaya za laini hiyo hazina ulinzi wa maana. Soketi yenye laini yake ikikata, redio na taa haziguswi, na kishawishi hicho hupungua.

Wapo pia wanaouliza kwa nini wasinunue kigawanyio cha kuchomeka, ambacho ni rahisi na hakihitaji fundi. Kwa chaja mbili ndogo kinatosha, na ni heri hicho kuliko waya wa kubahatisha. Udhaifu wake ni kwamba kimeshikiliwa na springi tu: kwenye mashimo kinacheza, vumbi linaingia, chaji inakatika na kurudi, na mguso uliolegea hupata joto.

Linabaki suala la betri kuisha gari likiwa limeegeshwa, nalo ni pingamizi la haki kwa laini inayotoka moja kwa moja kwenye betri. Jibu lake ni rilei inayoamshwa na swichi ya ufunguo, ili soketi ife injini inapozimwa. Waya wa milimita 2.5 za mraba unatosha sana kwa fyuzi ya ampea 10. Upitishwe kwenye tundu lenye mpira pale unapovuka bati la injini, na usikaribie nyaya za mifuko ya hewa, ambazo mara nyingi huwa na viunganishi vya manjano. Waya wa kurudisha umeme ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, kisha mahali hapo pafunikwe, maana mvua za Kisii hazikawii kuleta kutu. Kwa lori lenye betri mbili zinazotoa jumla ya volti 24, soma maandishi ya chaja kwanza: iliyotengenezwa kwa volti 12 pekee yaweza kuungua siku ya kwanza, hata fundi awe amefunga kila waya ipasavyo.