Michakato ya Chinichini na Ukweli wa Alama za Makosa katika Vihariri Msimbo: Mfano wa Mwanafunzi wa Lugoba

1.0 Utangulizi

Kihariri msimbo cha kisasa hufanya zaidi ya kupokea herufi. Hupendekeza neno kabla halijamalizika, hupiga mstari mwekundu palipokosewa na huonyesha mahali kitenzi fulani cha programu kilikofafanuliwa. Makala haya yanaeleza kwa nini huduma hizo hudorora pale michakato ya chinichini inapoielemea kompyuta. Hoja yake kuu ni kwamba, kwa mtu anayejifunza, hasara kubwa si muda unaopotea, bali ni taarifa isiyo ya kweli anayopewa.

Tuchukulie, kwa mfano tu, mwanafunzi aliyeko Lugoba, katika Halmashauri ya Chalinze mkoani Pwani. Anajifunza lugha ya Python kwa kompyuta ya mkononi ya mtumba yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka, na intaneti yake ni ya kifurushi cha simu. Kihariri chake ni Visual Studio Code, ambacho Microsoft ilikitangaza mwaka 2015 na ambacho hupatikana bila malipo.

2.0 Mgawanyo wa kazi ndani ya kihariri

Kihariri hiki si mchakato mmoja. Dirisha la kuandikia lina mchakato wake, viendelezi vina wao, na upo mwingine unaofuatilia mabadiliko ya faili. Uchambuzi wa lugha nao kwa kawaida hufanywa na seva ya lugha, yaani programu ya pembeni inayowasiliana na kihariri kwa itifaki maalumu iliyotangazwa mwaka 2016. Kutokana na mgawanyo huo, herufi zinaweza kuendelea kutokea vizuri kwenye kioo huku mapendekezo na alama za makosa vikiwa vimekwama.

Vyanzo vya kukwama huko ni vitatu. Kwanza, viendelezi vingi hushirikiana mchakato mmoja, hivyo kimoja kinachofanya hesabu nzito huvisubirisha vingine. Pili, kifuatilia faili na seva ya lugha hulazimika kupitia maelfu ya faili iwapo mwanafunzi amefungua folda kubwa kuliko kazi yake, kwa mfano folda yake yote ya nyumbani. Tatu, nje ya kihariri kuna programu ya kuzuia virusi, masasisho ya mfumo endeshi na utengenezaji wa faharasa ya utafutaji.

Barabara ya Chalinze hadi Segera, inayopita Lugoba, hubeba mabasi pamoja na malori ya kokoto. Basi linalojikokota nyuma ya malori si lazima liwe bovu. Vivyo hivyo, seva ya lugha inaweza kuwa nzima kabisa ila haijapata zamu yake.

Hali huwa mbaya zaidi kumbukumbu inapojaa, kwa kuwa mfumo endeshi huanza kuhamishia sehemu ya data kwenye diski. Kusoma kutoka kwenye kumbukumbu huchukua takribani nanosekunde 100, ilhali diski ya kuzunguka huhitaji takribani milisekunde 10 kufikia data. Tofauti hiyo ni ya mara 100,000.

3.0 Alama iliyopitwa na wakati

Mwaka 1968, Robert Miller alieleza kuwa jibu la kompyuta linalofika ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde huonekana kuwa la papo hapo, na kwamba baada ya sekunde 10 umakini wa mtumiaji huwa umekwishakatika. Kipimo hicho kinahusu uvumilivu. Kwa mwanafunzi wetu lipo jambo zito zaidi.

Tuseme amesahau mabano ya kufunga. Mstari mwekundu unatokea, naye anayaongeza. Lakini seva bado inashughulikia maandishi ya awali, na alama inabaki kwa sekunde kadhaa. Mtaalamu angesubiri. Mwanafunzi, anayeamini kuwa mashine haikosei, anafuta mabano yaliyo sahihi na kujaribu jambo jingine. Alama ilikuwa kweli kuhusu maandishi yaliyopita, lakini ni uongo kuhusu yaliyo mbele yake. Wabunifu wa itifaki waliliona tatizo hili: kuanzia toleo la 3.15, taarifa ya makosa inaweza kubeba namba ya toleo la hati inayohusika. Hata hivyo, nafasi hiyo ni ya hiari.

4.0 Upimaji na marekebisho

Hatua ya kwanza ni kupima kabla ya kulaumu. Menyu ya msaada ya kihariri ina dirisha linaloorodhesha michakato yake pamoja na kiasi cha prosesa na kumbukumbu kinachotumiwa na kila mmoja. Kidhibiti kazi cha Windows huonyesha yaliyo nje ya kihariri. Endapo kiendelezi kinashukiwa, kihariri kina njia ya kuvizima kwa nusunusu hadi mkosaji apatikane. Viendelezi 32 huhitaji takribani hatua 5 tu.

Baada ya hapo, mwanafunzi afungue folda ya zoezi peke yake, aondoe viendelezi asivyovitumia, na aziengue folda za maktaba za programu katika ufuatiliaji wa faili. Masasisho ya kujiendesha yazimwe wakati wa somo na yafanywe kwa ratiba, jambo litakalookoa pia kifurushi. Programu ya kuzuia virusi isizimwe. Ukaguzi wake mkubwa upangiwe saa ambazo hakuna kazi.

5.0 Hitimisho

Kununua kompyuta mpya si jibu la kwanza, na kwa wengi si jibu linalowezekana. Mwalimu anaweza kuanza na kanuni moja isiyo na gharama: alama ya kihariri ni ushauri, na mwamuzi ni kikalimani cha Python chenyewe. Mwanafunzi anayehifadhi faili na kuiendesha kabla ya kufuta alichoandika hatapotoshwa na alama iliyochelewa.