Wapangaji wa Utumbo Mpana

Sogeeni, wajukuu zangu. Jana usiku mlikula maharage, na leo darasani mmoja wenu ametoa ushuzi, darasa zima likaziba pua. Msimcheke. Sehemu kubwa ya gesi ile haikutengenezwa na yeye, imetengenezwa na wapangaji wake.

Vimeng'enya vya mwili humeng'enya wanga, protini na mafuta vizuri tu. Nyuzinyuzi, pamoja na sukari fulani za maharage, huvishinda. Hivyo hupita hadi utumbo mpana, na huko bakteria wanasubiri. Kwa mtu mzima wanakadiriwa kufika trilioni 38, idadi inayokaribiana na ya seli za mwili wake mwenyewe, lakini ni wadogo mno kiasi kwamba wote pamoja wana uzito wa gramu 200 hivi. Wanachachusha masalia yale, na gesi inatoka. Kodi yao je? Wanalipa! Inatoka pia asidi iitwayo butireti, na hiyo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana.

Sasa twendeni Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, kwa Wahadzabe, tuone chakula kinavyowabadilisha wapangaji hao. Baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Mizizi mingine ni migumu kweli: huchomwa kidogo motoni, hutafunwa hadi utamu uishe, kisha makapi hutemwa. Mizizi na ubuyu hupatikana mwaka mzima. Kiangazi nyama huongezeka, na masika huja na asali na matunda ya porini.

Wanasayansi walikusanya sampuli 350 za kinyesi kutoka kwa Wahadzabe 188 (ndiyo, kinyesi, na ni kazi ya heshima kabisa). Mwaka 2017 walitangaza walichokiona: masika, aina fulani za bakteria hupungua hadi nyingine zisionekane kabisa. Kiangazi kikirudi, nazo zinarudi. Chakula kinabadilika, na wapangaji wanabadilika.

Lililonishangaza zaidi mimi ni hili. Bakteria wanaopotea masika ndio hao hao walio nadra kwenye matumbo ya watu wa nchi za viwanda, ambao mwaka mzima hula mkate mweupe na vyakula vya kopo, vyenye nyuzinyuzi kiduchu. Kwa Wahadzabe, kiangazi kikianza tu, bakteria hao wanaonekana tena.