Kuteua na kuchagua jaji

Katika mazungumzo ya kawaida, kuteua na kuchagua ni vitenzi vinavyokaribiana sana. Sokoni mtu aweza kuchagua embe au kuliteua. Katika lugha ya sheria vimeachana. Jaji huteuliwa pale anapopewa wadhifa na mwenye mamlaka, huchaguliwa pale wananchi wanapompigia kura. Mfasiri aandikaye kwamba jaji "alichaguliwa na Rais" humpoteza msomaji, hasa habari ikitoka Marekani, ambako njia zote mbili zipo. Majaji wa Mahakama ya Juu ya huko huteuliwa na Rais kwa ridhaa ya Seneti. Wale wa Texas hugombea kwa tiketi za vyama, kwa kampeni kama za mwanasiasa yeyote. Jimbo la Mississippi lilianza kuwachagua majaji wake wote mwaka 1832.

Kenya na Tanzania jaji hapigiwi kura. Hata hivyo, uzito wa neno uteuzi hutegemea maneno yanayoandamana nalo. Kwa ibara ya 109 ya Katiba ya Tanzania, Rais huteua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Naye anayeshauriana hafungwi na ushauri. Kwa ibara ya 166 ya Katiba ya Kenya ya 2010, Rais huteua kulingana na mapendekezo ya Tume ya Huduma za Mahakama. Pendekezo, kwa matumizi ya kila siku, ni jambo linaloweza kukataliwa. Je, hili nalo?

Swali hilo halikuwa la kamusi tu. Mwaka 2019 Tume ilipendekeza majaji 41. Mahakama Kuu iliamua Februari 2020 kwamba Rais hana hiari ya kuwakataa, lakini Juni 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliteua 34 na kuwaacha sita. Mmoja alikuwa amefariki. Wale sita waliapishwa Septemba 2022, baada ya William Ruto kushika urais.

Neno mteule nalo lina mtego wake. Martha Koome aliitwa Jaji Mkuu mteule tangu Tume ilipompendekeza Aprili 2021, ingawa Bunge lilikuwa bado halijamwidhinisha. Aliyependekezwa lingekuwa neno sahihi zaidi. Rais mteule, kinyume chake, hakuteuliwa na mtu: amechaguliwa kwa kura, anasubiri kiapo.