Mto Ruvubu na Mwenye Jina Lake (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza nilieleza habari za chemchemi ya Rutovu, ambako Mjerumani Burkhart Waldecker, baada ya kufuatia vijito kimoja baada ya kimoja, aliitambua mwaka 1937 asili ya mto Nile iliyo mbali kuliko zote upande wa kusini, na juu yake ikajengwa piramidi ndogo ya mawe. Leo nataka kuyafuata maji yale yale yateremkapo kwa jina la Ruvyironza, yakaingia Ruvubu katika nchi ya Gitega, hata yakafika katika Hifadhi ya Taifa iitwayo kwa jina la mto huo, mahali ambapo mimi na bibi yangu, wakazi wa mtaa wa Nyamugari tangu ujana wetu, hatukuwahi kupakanyaga mpaka kiangazi kilichopita.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, mpwa wangu akiendesha, na kikapu cha sambusa na chupa ya chai ya tangawizi kikiwa miguuni pa bibi, ambaye hamwamini mtu mwingine kukishika. Tulishika njia ya Karuzi kuelekea Muyinga. Huko kote vilima vimelimwa hata vileleni, mgomba kwa mbuni, mhogo kwa maharagwe, wala hapana kishamba kisicho na mwenyewe. Kisha tukafika ambapo jembe limekoma, zikabaki nyasi ndefu za rangi ya manjano na miti iliyotawanyika, na upepo peke yake.

Hifadhi hii, iliyowekwa mwaka 1980, ndiyo kubwa kuliko zote nchini Burundi, kwani eneo lake lapata kilometa za mraba 508, nayo imelala pande mbili za mto katika mikoa iliyojulikana miaka mingi kwa majina ya Karuzi, Muyinga, Ruyigi na Cankuzo. Insafu hainiruhusu kupita hapa pasi na kusema kwamba ardhi ile haikuwa tupu: walikuwamo watu waliolima na kuzika wazee wao, nao waliondolewa ili wanyama wapate makao. Yeyote aingiaye humo kutazama na ajue kwamba yuapita juu ya mahame ya watu. Tembo hawamo tena. Nyati wamo, na kuro, na pongo, na nyani wengi, na chui ambaye mlinzi wa hifadhi alitwambia kuwa humwona kwa nyayo zake kuliko kwa sura yake.

Lakini sisi tulikuja kwa ajili ya mwenye mto. Karibu na ukingo mlinzi alitusimamisha mbali na maji, akatuonyesha njia nyembamba iliyochimbika ndani ya nyasi kama mfereji, na katika tope lililokauka alama ya mguu wenye vidole vinne. Bibi yangu aliinama, akauweka mkono wake ndani ya alama ile, vidole vyote vikaenea na nafasi ikabaki. "Bwana," akaniambia kwa sauti ndogo, "huyu akipita usiku, atapita na nyumba." Mara tukasikia pumzi nzito kutoka majini, na masikio mawili madogo yakaibuka yakitikisika, kisha macho, kisha pua, tukahesabu vichwa sita.

Imvubu ndilo jina la mnyama huyu kwa Kirundi, na kutokana nalo, wasema wenyeji, mto ukaitwa Ruvubu. Sisi Waswahili twamwita kiboko, na kwa kuwa mjeledi ulikatwa katika ngozi yake, jina hilo hilo tukaupa mjeledi. Nao mjeledi ulipotumiwa na watawala wa Kizungu juu ya migongo ya watu, jina likaingia na katika Kirundi, ikiboko, kwa maana hiyo chungu. Nilikaa nikilifikiri hilo. Mnyama mmoja, lugha moja imempa mto mzima, na lugha yangu imemkumbusha mtu kipigo.

Tena kazi yake ni ya heri. Mchana hujitia majini kuikinga ngozi yake na jua, na usiku hupanda bara kula nyasi, hata kilo 40 kwa usiku mmoja. Kisha humwaga samadi yake mtoni, ikawa chakula cha wadudu wa maji, na wadudu wakawa chakula cha samaki. Hivyo rutuba ya kilimani humfikia mvuvi aliye mbali, asiyejua ni nani aliyemchukulia.

Adhuhuri ilipoingia tulitandika mkeka chini ya mti, mbali na ile njia ya usiku. Mpwa wangu alitafuta kibla, akakionyesha upande wa kaskazini kukielekea mashariki kidogo, na bibi akatazama mto, akasema, "Basi ni huko huko yaendako maji." Ndivyo hasa: yatokapo hapo huenda yakakutana na Nyabarongo karibu na maporomoko ya Rusumo, yakawa Kagera, yakaingia ziwa Viktoria, na hatimaye Misri.

Katika sehemu ya tatu, inshallah, nitaeleza habari za mafunjo ya mabondeni, na jinsi yanavyoyachuja maji hayo kabla hayajavuka mpaka.