Maganda ya mihogo yarudi shambani, yasiende mtoni



Tuanze jikoni. Mama akisha kumenya mihogo na kuchambua lengalenga, takataka inaenda wapi? Kwa wengi wetu hapa Uvira, inatupwa kwenye mfereji wa barabara ao kandokando ya Mulongwe na Kalimabenge. Mvua ikinyesha, maji yanaibeba mpaka ziwani. Tunafikiri imepotea, kumbe inaturudilia.

Hakuna aliyesahau usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, wakati Mulongwe ilipofurika. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka. Hatusemi takataka ndiyo ilileta mafuriko yale: mvua ilikuwa kubwa, na milima iliyo juu ya mji imebaki bila miti. Lakini mfereji uliojaa maganda na sashe haupitishi maji. Maji yanaingia nyumbani, yanachanganyika na ya choo, na kolera inapata njia. Tena wengi wetu tunachota maji ya kunywa mule mule ziwani.

Kuna hasara ingine. Mihogo, mahindi na ndizi tunazokula zimetoa nguvu katika udongo wa Kiliba, Sange na Luberizi. Maganda yakienda mtoni, nguvu hiyo inaenda nayo. Kisha sisi hao hao tunatafuta franka za kununua mbolea ya kiwandani.

Wengine watasema: "Parseli yangu ni ndogo, shimo nitalichimba wapi?" Gunia la zamani linatosha. Fanya hivi:

1. Toboa gunia matundu pembeni, hewa ipite. Liweke kivulini, juu ya mawe ao vipande vya mbao.
2. Weka majani makavu chini, kisha maganda na mabaki ya mboga, kisha udongo kidogo. Rudilia mpaka lijae. Majivu ni kiganja kimoja tu kwa kila tabaka.
3. Nyunyizia maji. Ukifinya ndani ya mkono, itoe tone moja ao mbili. Ikichuruzika, ongeza majani makavu. Ikinuka vibaya, vilevile.
4. Kila wiki mbili, mwaga na uchanganye, kisha rudisha. Wakati wa mvua, funika.
5. Kisha miezi mitatu hivi, ikiwa nyeusi na inanuka kama udongo wa msituni, iko tayari. Weka viganja viwili katika kila shimo la nyanya ao kabichi.

Usitie nyama, mafuta, mabetri, vyupa, wala kinyesi cha mtu.

Na plastiki? Hiyo haiozi. Tangu dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 mifuko ya plastiki imekatazwa nchini, lakini bado tunaiona kila siku. Tusiichome karibu na watoto, moshi wake ni sumu. Twende sokoni na kikapu. Chupa na bidoni tuzioshe, zitumike tena kwa mbegu ao maji ya kumwagilia, lakini kamwe si zile zilizobeba dawa za shamba.

Wenye kuishi mjini na kulima bondeni wanaweza kujipanga: kila nyumba gunia moja, na koperative isafirishe yaliyo tayari kwa pamoja. Tuanze sasa, kabla mvua haijarudi. Mfereji ubaki wazi, na shamba lipate chakula chake.