Rangi ya kijiko cha kuvulia: idumu, lakini isilete moto nyumbani

Ndugu mfanyakazi, siku ya mapumziko unakata kipande cha shaba, unakipiga nyundo mpaka kinapinda kama kijiko, unakipaka rangi nzuri, unakwenda kuvua Lualaba. Samaki mwenye meno makali anakiuma mara mbili tu, na rangi yote imetoka. Unasema rangi ni mbaya. Hapana! Mara nyingi kosa ni shaba yenyewe: ilikuwa na mafuta ya vidole, tena ilikuwa laini kama kioo.

Isugue kwa msasa wa 400 pamoja na maji, ili vumbi lisiingie puani. Ioshe kwa sabuni, ikauke, kisha ishike kwa waya, si kwa vidole. Anza na rangi ya chini ya kushika chuma. Halafu paka rangi unayoitaka, mara mbili au tatu, nyembamba kila mara, ukingoja ikauke. Rangi nene inapasuka upesi, tena kijiko kinakuwa kizito na kinazunguka vibaya. Mwisho funika kwa verni ya epoksi ya chupa mbili. Pima kama chupa zinavyosema, uiache siku nzima. Hiyo ndiyo inavumilia mawe na meno. Rangi ya kucha ya mama inapendeza macho, lakini peke yake haidumu.

Sasa, unapaka wapi? Wengi wanapaka jikoni, karibu na mbabula. Hatari kubwa! Mvuke wa esanse na wa dawa ya kuyeyushia rangi ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, huuoni, mpaka unafika kwenye makala yenye moto, na moto unarudi mpaka kwenye mkebe ulio mkononi mwako. Paka nje, mbali na moto, bila sigara. Kwa epoksi vaa glavu: ngozi ikishaikataa mara moja, mara nyingi itaikataa siku zote.

Na ile rangi nyekundu ya zamani ya kuzuia kutu, minium, usiilete nyumbani kabisa. Ina madini ya risasi. Vumbi lake likiingia tumboni mwa mtoto linaharibu akili yake, na ubaya huo hauponi.

Mama, ukiona bwana ametia rangi iliyobaki ndani ya chupa ya limonadi, mwambie aitoe leo hii. Mtoto mwenye kiu hasomi. Na kikombe alichochanganyia rangi kisirudi mezani, hata kikioshwa mara kumi.